Jibu: Kwa nini tetemeko dogo la Japani liliua zaidi

Habari mkuu. Kinachokutatiza ni hiki: Japani 1923, kipimo 7.9, walikufa zaidi ya 100,000. 2011, kipimo 9.0, waliokufa na kupotea ni kama 18,000. Mimi kipimo nakiacha kwanza, naangalia saa. Hilo la 1923, liitwalo la Kanto (eneo la Tokyo), lilitokea Septemba 1, saa 6 kasoro dakika 2 mchana: majiko yanawaka, nyumba za mbao zimebanana, upepo mkali. Uwanja mmoja tu wa Honjo, Tokyo, watu walikokimbilia na mizigo yao (nayo ikashika moto), waliteketea kama 38,000. La 2011 kitovu kilikuwa baharini, likaleta tsunami (mawimbi makubwa), wengi walikufa maji. Angalia na la mji wa Kobe, Japani, 1995: kipimo 6.9 tu, ila alfajiri, watu wamelala, na ufa wa ardhi uliosababisha tetemeko ulipita chini ya mji wenyewe.