Maswali na Majibu: Mkaa, Udongo, Nyonga na Uso Unaojaa

Barua za safari hii zimetoka pembe nyingi za Uganda, na kama ilivyo ada, karibu nusu yake zinauliza habari za mkaa. Nimechukua tisa tu. Aliyeuliza jambo nililokwisha kulijibu mara mbili katika safu hii avumilie, kwa maana nafasi ni ndogo na subira yangu haizidi nafasi hiyo.

Mwalimu, salamu nyingi. Jirani yangu huweka vipande vya mkaa wa kupikia ndani ya mtungi wa maji ya kunywa, akisema mkaa hunyonya vijidudu vyote. Je, ni kweli? (Msomaji, Bwaise)

Si kweli, na chanzo cha kosa hilo ni neno "hunyonya". Sifongo ndiyo inayonyonya: maji huingia mwilini mwake, na ukiikamua hutoka. Mkaa hunasa. Molekuli hupita katika kinyweleo chake, yaani kitundu chake chembamba, ikagusa ukuta, ikashikwa hapo usoni kama nzi kwenye gundi. Kwa hiyo usiniulize mkaa una uzito gani au ni mweusi kiasi gani. Niulize uso wake ni mkubwa kiasi gani, uko wazi au umezibwa, na unapenda kushika nini.

Mkaa wa gunia ulichomwa ili uwake jikoni, na vinyweleo vyake vingi vimezibwa na lami iliyobaki kutoka kwenye mti. Ule ulioamilishwa, yaani uliopitishwa katika mvuke wenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi au uliotibiwa kwa kemikali, umezibuliwa vinyweleo hivyo, hata gramu yake moja ikawa na uso wa mita za mraba 500 hadi 1,500. Huo huondoa klorini, harufu, rangi na baadhi ya dawa za kuulia wadudu wa mashambani. Kipindupindu na homa ya matumbo hauviondoi. Vinyweleo vinavyoupa uso mkubwa hivyo ni vyembamba kuliko nanomita 2, ilhali bakteria ana nanomita elfu moja hivi. Kumtaka aingie mle ni kumtaka ng'ombe wa Ankole apite na pembe zake kwenye mlango wa banda la kuku.

Kuna hatari mbili zaidi ambazo hukuziuliza. Mkaa uliokaa majini kwa wiki nyingi huwa umenasa chakula cha kutosha kuwalisha hao bakteria, nao huzaana juu yake kwa raha zao. Tena, mtu akitia dawa ya klorini kisha akayapitisha maji kwenye mkaa, mkaa huiondoa klorini na kuyaacha maji bila mlinzi. Mkaa hutangulia, dawa hufuata. Mwambie jirani yako achemshe maji, au atumie chujio la chungu, lile la udongo uliochanganywa na pumba za mpunga au unga wa mbao: pumba huungua tanuuni na kuacha vitundu vidogo vinavyomzuia bakteria kwa ukubwa wake, na chungu chenyewe hupakwa fedha ili vijidudu visikimbilie kuzaana humo.

Nina chuma pajani tangu ajali ya boda boda. Je, huvuta radi? (Gulu)

Hakivuti. Kukianza kunguruma toka chini ya mwembe, uwe na chuma au usiwe nacho.

Watoto wetu wana madoa ya kahawia menoni na tumeambiwa ni floraidi iliyomo majini. Muuzaji mmoja ametuletea chujio la mkaa ulioamilishwa kwa bei kubwa. Tununue? (Kisoro)

Msinunue. Uso wa mkaa hupenda vitu vyenye asili ya mafuta, visivyopatana na maji. Floraidi ni ayoni, yaani chembe ndogo yenye chaji ya umeme, imetulia majini kama samaki, na mkaa huipita bila hata kuiamkia. Muuzaji huyo hakudanganya kuhusu mkaa wake; amedanganya kuhusu maji yenu, na huo ndio mtindo wa biashara hii: chujio moja kwa kila ugonjwa.

Miamba ya volkeno kama ya kwenu huweza kutoa floraidi nyingi majini, na kiwango kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kinachoinasa vizuri ni mkaa wa mifupa. Jina linafanana na la mkaa wa kuni, lakini kazi ni nyingine. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa kidogo, na kinachobaki kwa sehemu kubwa ni haidroksiapataiti, madini ya kalsiamu na fosfati ambayo ndiyo yaliyojenga mifupa na meno yetu. Floraidi huja ikaketi mahali pa haidroksili (kikundi cha oksijeni na hidrojeni) katika madini hayo, na kwa sababu hiyo hiyo hukimbilia jino la mtoto wakati linajengwa chini ya ufizi. Wenzetu wa Tanzania wameifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi huko Ngurdoto, karibu na Arusha.

Mifupa iliyochomwa kidogo huyapa maji harufu ambayo hakuna mtoto atakayeivumilia, na iliyochomwa kupita kiasi hupoteza nguvu ya kunasa. Waislamu huuliza ni mifupa ya mnyama gani, na wana haki ya kujibiwa kabla ya chujio kuingia nyumbani. Kisha uso huo nao hujaa, na ukijaa maji hupita na floraidi yake huku yakiwa maangavu vilevile. Asiyepima hawezi kujua. Kwa hali ya Kisoro, ambako mvua haichezi mbali, mabati safi na tangi la maji ya mvua kwa watoto walio chini ya miaka 8 ni nafuu kuliko chujio lolote, kwa sababu maji ya mvua hayana floraidi ya kutajika. Madoa yaliyokwisha kutokea hayatafutwa na chujio. Hayo ni ya daktari wa meno.

Mke wangu ana mimba ya miezi minne na hula emumbwa, vile vijiti vya udongo, kila siku, akisema inamtuliza kichefuchefu. Nimkataze? (Mukono)

Usianze kwa kumkataza, ndugu yangu, kwa sababu hasemi uongo. Udongo wa jamii ya kaolini ni vibamba vyembamba mno vilivyolaliana, kila kibamba na nyuso zake, na kwa miaka mingi kaolini ilitiwa katika dawa za kuhara kwa ajili ya tabia hiyo ya kunasa. Lakini udongo haujui kuchagua. Unaonasa kisichotakiwa tumboni huweza kunasa madini ya chuma pia, yaani hayo hayo ambayo mkunga anampa mkeo kwa vidonge ili asipungukiwe damu. Tena, udongo unaonasa vitu tumboni ulikuwa ukivinasa ardhini maelfu ya miaka kabla haujafinyangwa kuwa kijiti cha sokoni, na miongoni mwa hivyo huweza kuwamo risasi, ambayo hupita kwa mama na kumfikia mtoto. Anayeuza emumbwa hajui ulichimbwa wapi, na hata akijua, hakuupima. Nendeni pamoja kliniki, mkunga aambiwe bila aibu, damu ipimwe, na kichefuchefu kitafutiwe dawa inayojulikana.

Mtoto akinywa mafuta ya taa, nimpe mkaa uliosagwa? (Fort Portal)

Hapana. Usimpe mkaa, usimpe maziwa, usimtapishe, kwa sababu mafuta yakirudi juu huingia mapafuni na hapo ndipo yanapoua. Mkimbize hospitali mara moja. Mkaa ulioamilishwa hutolewa na wahudumu wa afya kwa baadhi ya sumu, hasa ndani ya saa ya kwanza, na haufai kwa mafuta ya taa, pombe, asidi wala vidonge vya madini ya chuma. Na nyinyi mnaoyaweka mafuta ya taa kwenye chupa za soda, mnasubiri nini?

Mwalimu, mimi ni muuguzi katika kituo cha afya. Mashine yetu ya oksijeni inaunguruma kama kawaida, lakini kipimo kinaonyesha asilimia 74. Fundi anasema gesi ya ndani imekwisha, inatakiwa kujazwa. (Arua)

Dada muuguzi, fundi huyo asiiguse tena. Mashine hiyo haina gesi ya kujazwa. Huichukua hewa ya chumbani, ambayo nitrojeni ni asilimia 78 na oksijeni 21, ikaisukuma ndani ya mitungi miwili yenye punje za zeolaiti. Zeolaiti ni madini ya alumini, silikoni na oksijeni yenye vyumba vidogo vilivyopangwa sawasawa kama sega la nyuki, na chaji za ndani ya vyumba hivyo huishika nitrojeni kwa nguvu kuliko oksijeni. Mtungi mmoja unaponasa, wa pili hushushiwa presha ili uitoe nitrojeni iliyouganda, kisha hubadilishana zamu, na huko kupumua kwa zamu ndiko mnakokusikia usiku kucha. Arigoni, ambayo ni karibu asilimia 1 ya hewa, hupita pamoja na oksijeni, ndiyo maana hata mashine mpya huishia kwenye asilimia 95 au 96.

Adui mkubwa wa uso huu ni unyevu. Maji hushikwa na zeolaiti kwa nguvu kuliko nitrojeni, na yakishaketi hayatoki kwa kushusha presha peke yake. Mwaka 1756, Msweden aliyeitwa Axel Cronstedt alipoyapa madini haya jina lake, lenye maana ya jiwe linalochemka, alikuwa ameona jinsi yanavyotoa mvuke yakipashwa moto. Mimi mwenyewe niliwahi kuiacha chupa ya punje hizo bila kifuniko usiku mmoja wa mvua za Aprili. Asubuhi zilikuwa vilevile machoni, nyeupe kama maziwa, kavu kwa kuzigusa. Punje nzima ukiiweka kiganjani na kuidondoshea maji hupata joto mpaka ushtuke. Zile niliziloweka zote zikabaki baridi kama kokoto za mtoni. Zilikuwa zimekwisha kushiba maji ya hewa, na makosa yalikuwa yangu.

Kiwango cha chini kinachokubalika ni asilimia 82, kwa hiyo mgonjwa mwenye shida ahamishiwe kwenye mtungi wa oksijeni leo. Kisha mtafute fundi wa vifaa tiba aangalie kama kuna mpira unaovuja, valvu iliyokwama au punje zilizoharibika. Kichujio cha nje kioshwe kila wiki na kirudishwe kikiwa kikavu kabisa. Wengi hukirudisha kikidondoka maji, wakaipelekea zeolaiti sumu yake kwa mikono yao. Msiiweke mashine karibu na chombo cha kuchemshia vifaa. Na ile iliyofunikwa shuka kwenye stoo tangu enzi za korona iwashwe mara kwa mara, kwa maana kukaa bure kwenye unyevu huiharibu kuliko kazi.

Nimeambiwa nibadilishiwe nyonga. Daktari mmoja anapendekeza ya saruji, mwingine ya titaniamu yenye uso wa kukwaruza. Mwilini kitu laini si ndicho bora? (Mzee, Masaka)

Mzee wangu, inategemea uso huo utakutana na nani. Mezani kwangu nina vipande viwili vya chuma. Kimoja ni bamba la chuma cha pua lililotolewa mguuni mwa mtu baada ya mfupa kuunga. Ni laini, kidole huteleza juu yake, nalo lilitengenezwa hivyo makusudi ili litoke kwa urahisi. Cha pili ni kikombe cha nyonga cha titaniamu, na mgongo wake hukwaruza kidole kama msasa, ilhali bitana yake ya ndani, inayopokea mpira wa nyonga, ni laini kabisa. Sehemu inayosuguana lazima iwe laini, na sehemu inayotakiwa kushikwa na mfupa lazima iwe na mahali pa kushikiwa.

Jambo hili liligunduliwa kwa bahati na Per-Ingvar Brånemark wa Sweden katika miaka ya 1950, alipojaribu kuvitoa vifaa vya titaniamu miguuni mwa sungura akakuta mfupa umevikamata, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza mizizi ya meno. Mfupa hauigusi titaniamu yenyewe, bali ngozi ya oksidi ya nanomita chache ambayo chuma hicho hujivika kikikutana na hewa. Juu ya uso laini mwili hupenda kujenga utando mlegevu. Juu ya uso wenye mikwaruzo na vitundu vya maikromita mia moja hadi mia kadhaa, mfupa huota ndani na kushika. Vitundu hupunguza pia ukakamavu wa chuma, jambo jema, kwa sababu titaniamu nzima ni kakamavu mara tano hivi kuliko mfupa mgumu, na mfupa unaobebewa mzigo wote na chuma hudhoofika kama mtu asiyefanya kazi.

Lakini uso wa kukwaruza huwapendeza bakteria pia, na anayewahi kuketi ndiye mwenye kiti. Kwa hiyo ukiulizwa habari za meno mabovu, vidonda au sukari kabla ya upasuaji, usione unapotezewa muda. Saruji nayo, ambayo ni plastiki ya akriliki wala si ile ya kujengea ya Tororo, haina aibu yoyote: kwa mfupa wa mzee uliopungua nguvu hushika siku hiyo hiyo bila kusubiri mfupa uote. Waulize madaktari wote wawili picha inaonyesha mfupa wako una hali gani, na umfuate yule atakayekujibu kwa picha badala ya kijitabu cha muuzaji.

Je, ni kweli kwamba gramu moja ya mkaa ina eneo la kiwanja cha mpira? (Mwanafunzi, Kampala)

Piga hesabu kabla ya kunakili. Kiwanja cha mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Mkaa mzuri wa mita 1,500 haufiki hata robo yake. Wanaokaribia kiwanja kizima ni baadhi ya miundo ya metali iliyounganishwa kwa molekuli za kaboni, ambayo Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipewa kwa ajili yake Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025. Na namba hiyo haipimwi kwa rula: nitrojeni huachwa itande juu ya uso kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha kiasi kilichonaswa hukokotolewa kwa njia ya Brunauer, Emmett na Teller ya mwaka 1938. Uso mkubwa peke yake hausemi unanasa nini wala utadumu siku ngapi, na baadhi ya miundo hiyo huporomoka kwa unyevu wa kawaida wa hewa. Katika ripoti yako andika pia upana wa vinyweleo, la sivyo msimamizi wako atairudisha, nami nitakuwa upande wake.

Vile vipakiti vidogo vya "usile" kwenye maboksi ya viatu vinafaa tena? (Jinja)

Vinafaa. Ni silika, na unyevu ulionaswa hutoka kwa joto la nyuzi 120 hivi. Zimimine punje kwenye sinia la chuma, uziweke ovenini saa mbili au tatu, kisha uzifunge zikiwa bado na joto; kuzianika juani hakutoshi. Zile za buluu zinazogeuka waridi zikijaa usiziweke kwenye kopo la mbegu wala karibu na chakula, kwa kuwa rangi hiyo kwa kawaida ni chumvi ya kobalti.