Pampu ikikataa kuwaka, wacha spana kwanza

Nawaandikia nyinyi mmepata kashamba huko Ruai ama Njiru na sai mko na pampu ya maji, mashine ya kukata majani ya ng'ombe, labda na trekta mzee mmechanga mkanunua, na mnauliza kama mnaweza kuzitengeneza wenyewe. Mnaweza, tena sana. Kinachoshinda watu si ufundi, ni haraka. Mashine inakataa kidogo tu, mtu anaanza kufungua vitu vilikuwa vizuri, jioni ugonjwa wa kwanza uko palepale na ameongeza wa pili.

Chukua pampu ya maji ya kutumia petroli, hizi za injini ya Honda GX160 ziko kila mahali. Nyingi zina kifaa cha kuzuia injini isiwake oili ikishuka, kwa hivyo unaweza kuvuta kamba asubuhi yote na shida ni oili tu. Injini inabeba oili kama lita 0.6. Ipime ikiwa imesimama mahali pa tambarare, ufute kijiti cha kupimia oili, ukirudishe bila kukizungusha kwa thredi, halafu utoe usome. Oili ikiwa sawa, hakikisha swichi na koki ya petroli zimefunguliwa, ndio sasa utoe plagi uiangalie vizuri kwa sababu plagi huwa inasema yote. Ikiwa kavu kabisa na umevuta kamba mara nyingi, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika, angalia kama plagi inatoa cheche. Ikiwa nyeusi na masizi makavu, anza na filta ya hewa, na kwa vumbi ya huku kwetu hiyo filta inaziba haraka kuliko venye kitabu kinasema. Pengo la plagi liwe milimita 0.7 hadi 0.8.

Plagi kavu mara nyingi inakupeleka kwa kabureta, pale petroli inachanganywa na hewa. Petroli ikikaa ndani miezi, kama ule msimu wa mvua pampu imelala stoo, inaacha kitu kama gundi na inaziba jeti, kale katundu kadogo petroli inapitia. Funga koki, fungua bakuli ya chini, osha na dawa ya kabureta, puliza na hewa. Tafadhali usichokoe na msumari wala waya ngumu, katundu kakipanuka injini itakunywa petroli na haitatulia tena. Na ukijua pampu inaenda kulala, mwaga petroli yote kabla.

Trekta ya dizeli ni maneno tofauti. Massey Ferguson 240 ikiishiwa na dizeli kabisa, ukijaza tangi bado haitawaka, na watu wanaua betri hapo wakistata. Ni hewa imeingia kwa laini. Legeza skrubu ya kutoa hewa pale kwa filta, halafu upige kale kamkono ka pampu ya dizeli mpaka dizeli itoke bila povu, kaza, ufanye hivyo kwa injekta pampu, mwisho legeza nati za paipu juu ya injekta, zile zinanyunyiza dizeli ndani ya injini, mtu mwingine akistata, ikiruka dizeli tupu, kaza. Kaa mbali na mahali inaruka. Dizeli ya presha inaingia kwa ngozi, na hiyo ni hospitali mara moja hata kama kidonda ni kama cha sindano.

Mashine ya majani ndiyo naiogopa kuliko zote. Kabla ya kugusa visu, kuzima swichi haitoshi, chomoa waya kwa soketi, na kama ni ya petroli toa kofia ya plagi, halafu zuia lile gurudumu linabeba visu na kipande cha mbao kwa sababu ni zito na linaweza kuzunguka lenyewe ukiwa na vidole ndani. Noa visu vyote kiasi sawa, upande ule wa mteremko peke yake, la sivyo gurudumu linakosa balansi na mashine inatembea sakafuni. Rudisha bolti zilezile ama nyingine za nguvu sawa, soma namba kwa kichwa, 8.8 si sawa na bolti yoyote ya ndoo. Kabla ya umeme, zungusha na mkono raundi nzima usikie kama kuna kisu kinagusa.

Spea, nenda Kirinyaga Road pale Nairobi na ile ya zamani mkononi, usiende na maelezo ya mdomo. Beringi imechorwa namba, 6204 kwa mfano ni milimita 20 ndani, 47 nje, upana 14. Mwenye duka akikwambia "hii itaingia tu" bila kulinganisha, weka pesa mfukoni uende duka inayofuata. Shafti iliyokwisha peleka kwa mafundi wa kukereza vyuma Kariobangi Light Industries. Injekta nazo usizifungue nyumbani, tafuta fundi ako na mashine ya kuzipima, na usimame hapo uone venye inamwaga kabla hujalipa.