Kijani cha Seji: Mbona Kwangu Kimegeuka Kijivu?

Kijani cha seji (kwa Kiingereza "sage green", jina la mmea wa seji) ni kijani kilichotiwa majivu. Kama hujawahi kuuona mmea wenyewe, geuza jani la mparachichi utazame upande wa chini: ni rangi hiyo au jirani yake wa karibu. Safu ya leo imekusanya barua nne zinazoihusu.

Nimepaka sebule kijani cha seji. Kwenye kadi ya dukani kilipendeza, na asubuhi bado nakipenda. Jioni taa zikiwashwa, chumba kinafanana na zahanati. Je, waliochanganya walikosea? (Msomaji, Ntinda, Kampala)

Kabla ya kumlaumu mtu, soma boksi la balbu. Kama limeandikwa 6500K, huo ni mwanga mweupe unaoelekea ubuluu, na balbu za aina hiyo zimejaa madukani kwetu. Seji ina kijani kidogo na kijivu kingi. Chini ya taa kama hiyo, ile njano kidogo iliyomo ndani yake inazama, kinabaki kijivu peke yake. Funga balbu ya 2700K au 3000K, yenye mwanga unaoelekea njano, ukae nayo usiku mmoja kabla hujatoa shilingi nyingine ya rangi. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Lisipoisha, angalia kilichopo nje ya dirisha. Uwanja wa murram, ule udongo mwekundu, hurudisha mwanga mwekundu ndani ya nyumba, na nyekundu ndiyo inayozima kijani. Jua likiwaka, ukuta unaopokea mwanga huo utaonekana kama udongo mkavu. Mwenye migomba karibu na dirisha hupata kinyume chake: seji yake inakolea hadi inakuwa kijani cha kawaida, kwa hiyo achague iliyopauka zaidi.

Usisumbuke na ushauri wa magazeti ya Ulaya kuhusu vyumba vinavyotazama kaskazini na vinavyotazama kusini. Sisi tuko kwenye ikweta, na pande hizo mbili hugawana jua katika mwaka. Kwetu cha kuangalia ni mashariki na magharibi. Jua la saa kumi na moja jioni likipita dirisha la magharibi, seji hiyohiyo inakaribia rangi ya zeituni.

Atakayepaka baada yako asichague kwa kadi. Anunue lita moja, apake kipande cha boksi cha sentimita 60 kwa 60, mikono miwili (yaani mara mbili), kisha akiegemeze kwenye kila ukuta asubuhi, saa tisa alasiri na usiku.

Chumba changu ni futi 12 kwa 12, kuta futi 9 kwenda juu. Fundi anataka ndoo ya lita 20. Ni sawa? Na je, naweza kununua nyeupe nikachanganya mwenyewe ili kupunguza gharama? (Jinja)

Lita 20 ni nyingi mno. Kuta zako nne zina takriban mita 40 za mraba. Toa mlango na dirisha, zinabaki 36 hivi. Rangi ya maji kwenye ukuta uliokwisha kulainishwa hufunika kama mita 10 za mraba kwa lita, kwa hiyo mkono mmoja ni lita 3.6, na miwili ni lita 7 na kitu. Nunua mikebe miwili ya lita 4. Imimine yote kwenye ndoo moja ukoroge kabla ya kuanza, kwa sababu mikebe iliyochanganywa siku tofauti huweza kupishana kidogo. Ukimaliza mmoja ukafungua wa pili katikati ya ukuta, mpaka utaonekana.

Kuchanganya mwenyewe kunawezekana, lakini hapo ndipo wengi huharibu. Nyeupe na kijani pekee huzaa rangi ya dawa ya meno. Kinacholeta seji ni njano ya udongo pamoja na tone la nyekundu ya oksaidi au nyeusi. Pima kwa bomba la sindano, mililita moja moja, ndani ya lita moja ya nyeupe, ukiandika kila unachotia. Paka kidogo, kisha subiri ikauke, maana rangi ya maji ikikauka hukolea. Ukiridhika, zidisha hesabu hiyo na uchanganye ya chumba kizima kwa mara moja. Ikiisha kabla ya ukuta wa mwisho, hutaipata tena ileile. Kwa maoni yetu, mashine ya dukani ni nafuu kuliko kurudia chumba. Tunza tu ile karatasi ya namba inayobandikwa kwenye mkebe.

Simama karibu fundi anapozimua. Maji yakizidi kipimo kilichoandikwa kwenye mkebe, rangi itaachia unga mkononi kila ukigusa ukuta.

Nyumba mpya, plasta ina wiki mbili. Tumepaka seji na sasa kuna mabaka meupe kama chumvi. (Gulu)

Ni chumvi kweli, inatoka kwenye saruji. Maji yanapotoka ndani ya plasta huibeba hadi juu. Kwenye nyeupe usingeiona; seji haifichi kitu. Tena saruji mbichi ina alkali kali inayopausha baadhi ya rangi za kijani na njano. Plasta hutaka angalau wiki nne, na zaidi wakati wa mvua. Bandika karatasi ya nailoni ukutani, uizibe pande zote, uiache usiku kucha. Ukikuta matone kwa ndani, ngoja.

Sasa piga brashi kavu, urudie siku kadhaa hadi chumvi ikome. Usioshe kwa maji, utairudisha ndani. Kisha paka praima (rangi ya kwanza ya chini) inayohimili alkali, halafu mikono miwili ya seji. Mabaka yakiwa karibu na sakafu tu, shida ni maji yanayopanda kutoka chini: angalia nje kama udongo umerundikwa juu kuliko ile nailoni ya msingi inayozuia unyevu usipande. Uondoe kwanza.

Sakafu yangu ni saruji nyekundu. Itagombana na seji? (Masaka)

Haitagombana, ila rangi nyekundu ikikaa kando ya kijani, tofauti na mwanga mwekundu unaoangukia ukutani, hukifanya kionekane kikali zaidi, kwa hiyo chagua iliyopauka hatua moja zaidi kwenye kadi na utandike mkeka mpana kupunguza wekundu. Pazia liwe rangi ya maziwa. Jeupe la kung'aa litaufanya ukuta uonekane mchafu. Viti vya mvule vinakaa vizuri, na kama una kipande cha olubugo (kitambaa cha gome la mti), kitundike hapo: ule wekundu wa udongo wa gome la mutuba hauhitaji picha nyingine kando yake.