Maswali yenu, Shangazi anajibu: Hamna chama kinachosema ninachotaka, nikapige kura ya nini?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi ni kijana wa Urambo, nina miaka 27, nalima tumbaku ya mvuke na baba, tupo kwenye AMCOS, ushirika wetu wa wakulima. Diwani wetu alifariki kwa hiyo tunaingia uchaguzi mdogo, na wagombea wenye nguvu ni wawili, wote nimeenda kuwasikiliza. Wa kwanza anasema ataleta pembejeo mapema. Wa pili anasema pembejeo mapema na bei nzuri. Hamna hata mmoja aliyetaja miti. Shangazi, mi nikiwa darasa la nne kuni za bani, lile banda la kukaushia tumbaku, tulikuwa tunakata nyuma ya nyumba tu, sa hizi baba analipa trekta kuzifuata mbali huko na bado hazitoshi. Naona tumbaku itatumaliza, natamani tusaidiwe kuhamia kidogo kidogo kwenye alizeti na nyuki, lakini nikisema hivo naonekana nautukana mkono ulionilisha, na vyama vyote viko upande wa tumbaku. 2025 sikwenda kituoni na safari hii sitaki kwenda. Baba anasema asiyepiga kura asilalamike. Mi nasema nikipiga nitakuwa nimekubali nisichokikubali. Nani yuko sahihi?
Kijana wa Urambo

JIBU: Marahaba mwanangu, mwangaluka hapo nyumbani.

Nianze na baba yako, na umfikishie salamu zangu kwa heshima zote, ila hilo la asiyepiga kura asilalamike mi silikubali. Tumbaku yenu ikiuzwa ushuru wa mazao unaenda halmashauri, asilimia 3 ya thamani, mnunuzi ndo analipa lakini nani asiyejua kwamba mwisho wa siku unatoka kwenye bei yako wewe. Hamna mtu anayekuuliza kama ulipiga kura kabla ya kuuchukua. Kwa hiyo kulalamika ni haki yako, lalamika.

Na la 2025 sikusemi. Chama kikuu cha upinzani, Chadema, hakikuwepo kabisa kwenye karatasi, na siku yenyewe ya Oktoba 29 wapo waliotoka nyumbani hawakurudi. Aliyebaki ndani siku ile mi sina neno naye.

Lakini hili la pili la kwako, kwamba ukipiga kura umekubali kila kitu cha mgombea, hapo tukae tuongee vizuri, maana wewe ni mtu wa mkoa huu na mkoa huu una historia yake na swali hilo hilo. Januari 1958 TANU walikutana hapa hapa Tabora na ajenda iliyokuwa inawachoma ndo hiyo ya kwako: tuingie uchaguzi tusiouamini au tukae pembeni? Mkoloni alikuwa ameleta kura tatu, yaani mpiga kura unapewa Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja na unalazimika kuwachagua wote watatu, ukiacha mmoja kura yako imekufa. Nchi ni ya Waafrika karibu wote halafu viti vinagawanywa sawa kwa watatu, na kupiga kura kwenyewe kumewekewa masharti ya kipato na elimu, bibi yangu mimi asingekaribia hata mlango. Fikiria hasira za wajumbe. Wengi walifika Tabora wakiwa wameshaamua kususa, na mi siwalaumu hata kidogo, ule uchaguzi ulikuwa tusi.

Nyerere akasimama kuwashawishi waingie, mabishano yakawa makali, mwisho wakakubali kuingia, na ndo unasikia wazee wanauita Uamuzi wa Busara. Sasa angalia walichofanya baada ya hapo. Hawakusema tumeikubali kura tatu. Walienda kuwatafuta Waasia na Wazungu walioafiki madai yao, watu kama Amir Jamal na Derek Bryceson, wakawaambia wapiga kura wao hawa ndo wetu, weka alama hapa, hapa na hapa. UTP, kile chama kilichokuwa kinapendwa na serikali ya mkoloni, kikaambulia patupu. Uchaguzi uliofuata mwaka 1960 ile lazima ya kuchagua watatu ilikuwa imeshaondoka. Wale watu waliweka alama kwenye karatasi waliyoichukia ili waifute, na hamna aliyeamka kesho yake akawaambia mmeridhika.

Nikupe na upande wa pili. Zuberi Mtemvu alikataa ule uamuzi, akatoka TANU na kuanzisha chama chake, African National Congress, na mwaka 1962 akagombea urais dhidi ya Nyerere akashindwa vibaya sana. Mi namheshimu yule mzee. Ila ona alivyokataa: alitoka, akasema kwanini, akatafuta watu, akasimama jukwaani. Kukataa kwake kulikuwa na sura, watu walijua anakataa nini. Wewe ukibaki nyumbani siku ya uchaguzi unachambua majani ya tumbaku, msimamizi wa kituo anaandika tu idadi ya waliojitokeza, na kwenye ile idadi wewe, na mgonjwa, na aliyesafiri kwenda kuuza mchele Kahama, wote mko fungu moja. Miti yako haipo kwenye fomu yoyote.

Na ukitaka mfano wa karibu, Igunga. Rostam Aziz alijiuzulu ubunge 2011 na Oktoba 2 mwaka huo ukafanyika uchaguzi mdogo, nchi nzima ilikuwa inatazama, vigogo wote walihamia pale. Walioandikishwa walizidi laki 1 na elfu 70, waliopiga ni elfu 53 na kitu. Dk Kafumu wa CCM akashinda kwa kura kama 26,000 dhidi ya kama 23,000 za Kashindye wa Chadema. Tofauti ni elfu 3 na kitu, halafu wasioenda ni zaidi ya laki 1! Mi sijui kila mmoja alikuwa na sababu gani, lakini nikiangalia zile namba huwa nauma meno, maana kundi kubwa kuliko kambi zote mbili zikichanganywa halikuacha hata sentensi moja ya kusomwa.

Sasa turudi kwenye kata yako. Wewe unamwangalia mgombea kama vile utaoana naye, na udiwani hauko hivo. Diwani anaenda kukaa kwenye Baraza la Madiwani, na baraza ndo linatunga sheria ndogo za halmashauri, zikiwemo za misitu na ukataji wa kuni, ndo linapitisha bajeti, ndo linajua ule ushuru wa tumbaku umeenda wapi, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa vikundi, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu, nayo inapita mle mle. Ona sasa mwanangu, mizinga ya nyuki ya kikundi cha vijana haihitaji chama kibadilishe ilani Dodoma, inahitaji diwani anayejua kikundi chenu kipo na ambaye mkimpigia simu anapokea. Kati ya karatasi zote unazoweza kupewa maishani hii ya diwani ndo iko karibu zaidi na bani la baba yako na wewe ndo unataka kuiacha hiyo hiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni uende. Ila usiende siku ya kura tu, anza wiki hii. Tafuta wenzako, na nakuhakikishia wapo, maana anayelipa trekta la kuni sio baba yako peke yake, hata wanne watano wanatosha. Nendeni kwenye mkutano wa kila mgombea na swali moja, lile lile, mmeliandika kwenye karatasi msije mkababaika: ukiwa diwani, sehemu gani ya ushuru wa tumbaku utaitetea irudi kwenye miche na mizinga kata hii? Msimuulize kama anapenda miti, kila mtu atasema anapenda. Muulizeni hela. Halafu msikilize anavyojibu, na mumuangalie pia, maana yupo atakayekasirika, yupo atakayesema nitaliangalia huku anamtafuta mtu mwingine wa kuuliza, na anaweza akawepo atakayesema hilo sikuwa nimelifikiria, njooni tuongee. Huyo wa mwisho hata kama naye anashabikia tumbaku asubuhi mpaka jioni mi ningempa kura yangu, kwa sababu huyo mtaweza kumsumbua miaka iliyobaki. Unachagua mtu utakayemsumbua, kukubaliana naye kutakuja au kusije.

Na kama wote wawili watawafukuza? Basi hapo rudini nyumbani mkijua, na mkisusa semeni mnasusa kwa nini, mbele za watu, kijiji kisikie. Sitakuwa na ugomvi na nyie.


SWALI: Shangazi, nikiingia kwenye kituturi nikachora msalaba karatasi nzima au nikaandika hasira zangu, ujumbe si umefika?
Msomaji, Nzega

JIBU: Haujafika. Mwaka 2010 nilisimamia kituo, tulikuwa tunahesabia kwenye darasa usiku, na nakumbuka karatasi moja mtu alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba kisima chao kimekauka mwaka wa pili. Tuliinyanyua, mawakala wakaiona, ikawekwa kwenye fungu la zilizoharibika pamoja na za wazee ambao kalamu iliwateleza. Haikuchukua hata nusu dakika. Kwenye fomu iliingia kama tarakimu moja. Kura za urais zilizoharibika 2015 zilipita laki 4 na hamna mtu anayeweza kukwambia ngapi ni za hasira na ngapi ni za kukosea. India tangu 2013 wana kitufe cha kusema simtaki yeyote, kinahesabiwa peke yake na kinatangazwa, japo hata kikiongoza, mgombea aliyepata nyingi kuliko wenzake ndo anachukua kiti. Sisi hatuna. Hicho kisima kingeandikwa barua kwa mtendaji wa kata, nakala ikagongwa muhuri, kingekuwa na maisha marefu zaidi.


SWALI: Shangazi habari za Tabora. Mi nauza dagaa mwalo wa Kibirizi. Sisi Kigoma tunafuata mtu, bendera baadaye, Zitto alivyotoka Chadema kwenda ACT si tulimpa ubunge wa mjini 2015? Sasa kama vyama vyote havinifai kwanini mtu mzuri asigombee mwenyewe bila chama?
Mama Dagaa, Kigoma

JIBU: Nzuri dada yangu. Na ni kweli, nyie ndo mwaka 2010 mliwapa NCCR-Mageuzi majimbo manne mkoa mmoja wakati kwingine wala hawaonekani.

Katiba yetu haimruhusu. Ibara ya 39 kwa urais na ya 67 kwa ubunge zinataka uwe mwanachama na uwe umependekezwa na chama. Mchungaji Mtikila aliipigania hii miaka na miaka, Mahakama Kuu ikampa haki zaidi ya mara moja, Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni la Bunge, akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, na Juni 14, 2013 ikaamua kwamba Tanzania inavunja haki za watu kwa kuwalazimisha kupitia chama. Alifariki 2015 hajaiona ikibadilika na mpaka leo haijabadilika, na hili linaniuma kweli, maana ndo lingemjibu hata yule kijana wa Urambo hapo juu. Chama kinamshika mbunge shingoni: NCCR walipomvua uanachama Kafulila, mbunge wenu wa wakati ule, 2011, kilichombakiza bungeni ni mahakama.

Kwa sasa mtu wenu mzuri lazima avae shati la mtu mwingine. Maana yake kazi iko kwenye kura za maoni, kule anakopitishwa, ambako wengi wetu hatuendi kwa sababu hatuna kadi. Chukua kadi ya chama chenye mtu wako, mpitishe kule, ukimaliza endelea kukisema chama hicho hicho ukiona kimekosea, hamna sheria inayokukataza. Na akishindwa jimboni usione kura yako imemwagwa ziwani, kwa sababu kura za ubunge zinajumlishwa nchi nzima, na chama kikifikisha asilimia 5 ya kura halali kinaingia kwenye mgao wa viti maalum vya wanawake, kwa hiyo kura yako ya Kibirizi inaweza ikampeleka bungeni mama wa mkoa mwingine kabisa.