Mkono haufiki do ya juu? Usikimbilie kinanda cha mtoto

Mdogo wangu wa Ngaramtoni, umeuliza kama ununue kinanda chenye vibonyezo vyembamba kwa kuwa mkono wako haufiki do hadi do. Kile cha dukani, usinunue. Mimi nilinunua.

Napiga kanisani hapa Moshi. Nikiutanua mkono juu ya rula, gumba hadi kidole cha mwisho, napata sentimita 18. Vibonyezo vyeupe vinane vya kawaida vina karibu 19, kwa hiyo oktava, yaani do hadi do, naigusa ukingoni tu. Mwalimu wa kwaya aliniambia nitanue, mkono utazoea. Haukuzoea. Kifundo kilivimba, mwezi mzima nikawa nakamua nguo kwa mkono mmoja.

Ndipo nikachukua kile kidogo. Nyumbani raha tupu! Jumapili, kwenye kinanda cha kawaida cha kanisani, besi ikapotea, waimbaji wa sauti ya nne wakanigeukia wote. Si wembamba peke yake ulioniponza: vile vibonyezo ni vifupi na vyepesi, kidole hakijifunzi uzito wowote.

Vidogo vya kweli vipo, ila ni kitu kingine kabisa. Kule Pennsylvania, Marekani, David Steinbuhler ametengeneza vyenye oktava ya sentimita 14 hivi badala ya 16.5 (hapo huhesabiwa vibonyezo vyeupe saba, si vinane), vinaitwa DS5.5. Mbele vimebanana, nyuma vinatawanyika hadi kukutana na nyundo zilezile za piano. Kila oktava inapungua kwa karibu upana wa kibonyezo kimoja. Yaani mkono wangu huu ungeshika do hadi do bila kujivuta. Hata Josef Hofmann, gwiji wa piano wa zamani, kampuni ya Steinway walimtengenezea piano zenye vibonyezo vilivyopunguzwa kidogo. Basi anayekuambia mikono midogo si ya piano, mwache aseme. Lakini huku kwetu sijakutana nacho hata kimoja.

Ninachofanya: besi nyingi napiga do ya chini peke yake, naikanyagia pedali ili iendelee kulia, kisha naifuata ya juu. Sauti ya tatu ikiwa mbali na besi, naichukua kwa gumba la kulia. Noti iliyorudiwa mara mbili naiacha moja. Miaka yote hii hakuna mwanakwaya aliyegundua (mwalimu tu, naye alinyamaza). Mkono ukianza kuuma, funga kinanda siku hiyohiyo.

Hicho ulichonacho sasa kina tundu la pedali? Angalia kwa nyuma, kisha uniambie.