Nilivyompata fundi wa kuaminika baada ya gari langu la spoti kuchemsha

Kila ninapoegesha gari langu chini ya miembe ya hapa Tabora mjini, hakosekani mtu wa kuniuliza ni fundi gani analishika. Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, lililotumika Japani kabla ya kuja kwetu, lenye injini ya lita mbili na turbo. Injini hiyo imelala, silinda mbili zikielekea kulia na mbili kushoto, na kwa sababu ya mlalo huo mambo yake ya maji hayafanani na ya gari la kawaida. Swali hilo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu kabla sijapata jibu sahihi nilikwisha kuunguza gasketi za silinda hedi, zile zinazozuia maji na moto wa silinda visichanganyike, kwa tatizo ambalo lingemalizwa kwa kifuniko kimoja cha mfumo wa maji na nusu siku ya kusafisha rejeta.

Ilikuwa mwezi Oktoba, mvua hazijaanza, nikirudi kutoka Nzega. Umbali ni zaidi ya kilomita 100 za lami, jua la saa nane likiwa utosini, na kiyoyozi kilikuwa kimeanza kutoa upepo wa vuguvugu kwa muda mrefu kabla sijaona lolote kwenye dashibodi. Wakati huo sikujua kwamba hiyo ilikuwa dalili ya kwanza: injini inapozidi joto, kompyuta ya gari huweza kukata kiyoyozi ili kuipunguzia mzigo. Mshale wa joto nao haukunisaidia, kwa kuwa katika magari mengi hutulia katikati ingawa maji yanaendelea kupata moto, na ukiuona unapanda ujue muda wa kubembeleza umekwisha. Nilizima kiyoyozi, nikawasha hita hadi mwisho ili ivute joto kutoka kwenye injini, nikasogea pembeni na kuzima gari. Hadi hapo sijutii chochote.

Ninachojuta ni kwamba nilimkabidhi gari fundi wa kwanza niliyeelekezwa. Hakuniuliza hata swali moja. Alifungua kifuniko kwa kitambaa kilicholowa, mvuke ukaruka, akamimina maji ya bomba injini ikiwa bado ya moto, kisha akatoa thamostati na kunionyesha kiganjani huku akisema kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho hatukihitaji. Akaunganisha feni moja kwa moja kwenye swichi ili izunguke muda wote. Nililipa shilingi 180,000, nikaondoka nikiwa na matumaini. Siku ya nne gari lilitoa moshi mweupe, maji kwenye tanki la akiba yakawa yanatoa mapovu kama chungu kilicho jikoni, na nguvu ikaisha.

Maneno hayo kuhusu thamostati nimeyasikia tangu wakati huo katika gereji nyingi, kwa hiyo niyajibu kwa kirefu kidogo. Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya peke yake. Kazi yake ni kuiwahisha injini kufikia joto lake la kazi na kuibakiza hapo. Katika injini kama yangu huanza kufunguka maji yanapokaribia nyuzi 80. Ukiitoa, asubuhi injini hubaki baridi kwa muda mrefu, kompyuta huongeza mafuta, oili huchafuka mapema, na lile tatizo lililosababisha kuchemsha linabaki palepale. Tena, Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji matupu kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya gari ni mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko, pamoja na kulanti, yaani dawa ya kupoozea injini, iliyochanganywa na maji kwa kipimo. Kwa hiyo sisi wa huku, kifuniko kikilegea, tunaumia mapema kuliko mtu wa Dar es Salaam mwenye gari hilohilo.

Baada ya hasara hiyo sikutaka tena kuelekezwa na mpita njia. Nilikwenda kwanza kwenye maduka ya spea, lakini sikuuliza ni nani fundi bora, kwa sababu kila muuzaji ana ndugu yake. Niliuliza ni fundi gani hununua gasketi pamoja na bolti mpya za hedi, na ni nani huchukua kulanti badala ya kusema maji yatatosha. Wauzaji wawili wa maduka tofauti walinitajia gereji moja. Halafu nikawatafuta wenye Subaru Forester na Legacy za turbo, maana injini zao ni za ukoo mmoja na langu, nikawauliza jambo moja: je, gari lilirudi gereji kwa ugonjwa uleule? Mtu husifu kwa urahisi fundi mcheshi au wa bei nafuu, lakini akiulizwa kama alirudi kwa tatizo lilelile, hufikiri kwanza ndipo ajibu. Wa mwisho niliyemuuliza alikuwa kijana anayeshughulika na kuskimu hedi, yaani kunyoosha uso wake kwa mashine. Huyo anajua mengi, kwa sababu huona nani huleta hedi akitaka ipimwe kwanza na nani husema tu, "Pitisha mashine." Naye alitaja gereji ileile.

Mwenye gereji hiyo ni mzee wa makamo, na eneo lake ni dogo, lenye kivuli cha bati na sakafu ya saruji iliyofagiliwa. Gari lilipofika kwa kuvutwa hakuligusa. Alivuta kigoda akakaa, akaniambia, "Mwalimu, kabla sijafungua boneti, nieleze lilianzia wapi." Aliuliza kama lilichemsha likiwa kwenye mwendo au kwenye foleni, kama hita ilitoa joto au ubaridi, kama maji yalikuwa yanapungua bila tone kuonekana chini, na nani aligusa nini tangu siku hiyo. Nilimweleza yote, hata yale ya aibu. Maswali hayo yana maana. Gari linalochemsha limesimama lakini linapoa kwenye mwendo huelekeza macho kwenye feni. Linalochemsha kwenye mwendo mkali huelekeza kwenye rejeta, pampu au mgandamizo. Na hita inayotoa ubaridi huku injini ikiwa ya moto mara nyingi huonyesha kwamba maji yamepungua au kuna hewa imekwama ndani.

Kisha akapima, nami nikiwa nimesimama pembeni yake. Injini yangu ina vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tanki dogo la chuma lililo juu karibu na turbo, na vifuniko hivyo havina nguvu sawa, kwa hiyo visibadilishane. Alikichukua cha tanki la juu, ambacho kiliandikwa 1.1, yaani mgandamizo kinaotakiwa kuushikilia, akakifunga kwenye pampu ya mkono yenye saa ya kupimia mgandamizo na kupampu taratibu. Kikaachia kabla mshale haujafika 0.5. Akakigeuza kunionyesha mpira wake: ulikuwa mgumu na umepasuka ukingoni kama kisigino kisichopakwa mafuta. Baadaye akaunganisha pampu ileile kwenye mfumo mzima, injini ikiwa baridi, akaiacha. Tuliutazama mshale ukishuka polepole kwa dakika kadhaa bila tone lolote kuanguka sakafuni, maana yake maji yalikuwa yanapita ndani. Mwisho akaleta chupa ya kioo yenye dawa ya buluu, akaiweka kwenye mdomo wa tanki injini ikiunguruma, akavuta hewa ipite ndani yake. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa njano. Maana yake, moshi wa ndani ya silinda ulikuwa unaingia kwenye maji. Hapo ndipo alipotamka neno gasketi kwa mara ya kwanza, nami sikuwa na la kubisha kwa sababu nimeona kwa macho yangu.

Alipotenganisha rejeta na kondensa ya kiyoyozi tukakuta vumbi, mbegu za nyasi na mabawa ya wadudu vimeshindiliwa katikati kama sufi ya godoro. Kwa mbele rejeta ilionekana safi kabisa, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kuitilia shaka. Basi huo ndio ulikuwa mwanzo: rejeta imezibwa hewa, kifuniko hakishiki mgandamizo. Yaliyofuata yaliongezwa na mikono, yaani maji ya baridi juu ya chuma cha moto na hewa iliyoachwa ndani bila kutolewa.

Makubaliano yetu aliyaandika kwenye karatasi kwa kalamu. Gharama ya kupima ilikaa peke yake, ili kama ningependa kulipeleka gari kwingine nilipe hiyo tu. Kila kitakachotolewa nirudishiwe. Akikuta jambo jipya, apige simu kabla ya kuendelea. Hedi zote mbili zilipelekwa Mwanza kwa basi kupimwa unyoofu wake, zikaskimiwa kwa kiasi kidogo, na zikarudi na karatasi ya vipimo. Kwa kuwa pampu ya maji ya injini hii huzungushwa na mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa vali na pistoni, na mkanda huo ulikuwa lazima utoke, alishauri tubadilishe vyote kwa mpigo mmoja. Ushauri huo uliniongezea gharama, lakini ni wa kweli, kwani pampu ikikwama na mkanda ukakatika, vali hugonga pistoni. Thamostati mpya ilirudi mahali pake, na feni ikarudishwa kuamriwa na kompyuta.

Kazi ilichukua siku 11. Ukiambiwa kwamba hedi za injini hii zitafunguliwa na kufungwa kwa siku moja, uliza zitapimwa saa ngapi.

Siku ya kulichukua hakunipa ufunguo. Alikwisha kulijaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri, wala si asidi. Akainua pua ya gari, akafungua hita, akaacha injini iungurume huku akiminya mipira ya maji kwa mkono ili hewa ipande na kutoka. Tulisubiri feni iwake yenyewe na kuzima yenyewe mara tatu. Kisha akanipeleka barabara ya Urambo na kurudi, kifaa cha kusoma joto kikiwa kimeunganishwa, namba zikicheza kwenye nyuzi 90 na kidogo bila kupanda. Tuliporudi alichora mstari mwembamba kwa wino mweusi kwenye tanki la akiba, akasema niangalie alfajiri kabla ya kuwasha gari, na nirudi baada ya kilomita 500 hata kama sioni kasoro.

Nilirudi. Alifungua boneti, akainama, akapangusa vumbi kwenye tanki kwa kidole gumba. Maji yalikuwa kwenye mstari uleule.