Kaa na herufi 好 kwa wiki nzima

Nilipoanza kujifunza Kichina katika darasa la jioni hapa Dar es Salaam, nilijiwekea lengo la kukariri herufi kumi kila siku, na baada ya mwezi mmoja daftari langu lilikuwa limejaa herufi ambazo sikuweza kuzitumia hata kuagiza chai. Anayeanza leo namshauri afanye nilivyofanya baadaye: achague herufi moja inayotumika sana, akae nayo wiki nzima. Yangu ya kwanza ilikuwa 好, isomwayo hǎo, ambayo kila mgeni huisikia ndani ya salamu 你好.

Walimu hupenda kueleza kwamba 好 ni mwanamke (女) aliye pamoja na mtoto (子), ndiyo maana ikabeba maana ya uzuri na wema. Maelezo hayo hulisaidia jicho, lakini mkono unataka mpangilio: mistari sita, mitatu ya 女 kwanza, kisha mitatu ya 子. Mstari wa kwanza hushuka kuelekea kushoto, kisha hukunja kona na kushuka kulia bila kalamu kuinuliwa. Wa pili huteremka kuelekea kushoto na kuukata ule wa kwanza. Wa tatu ndio unaolala. Hapo ndipo nilipokosea kwa muda mrefu. Mstari huo, 女 inaposimama peke yake, hutokeza pande zote mbili, ilhali ndani ya 好 hupanda kidogo kuelekea kulia na kukomea hapo ili 子 ipate nafasi. Mimi niliuacha utambae, sehemu zote mbili zikanenepa na kuachana, na mwalimu akasoma alichokiona: 女子, nǚzǐ, neno jingine kabisa lenye maana ya mwanamke.

Wachina hujifunzia kwenye miraba iliyogawanywa kwa msalaba. Si lazima uitafute karatasi hiyo, kwani daftari la kawaida la hesabu linatosha ukiunganisha viboksi vinne, viwili juu na viwili chini. Andika ishirini kwa siku kwa utulivu. Ukifika mia, mkono huendelea peke yake na akili imekwisha kulala.

Matamshi nayo yana kazi yake, maana Kiswahili chetu hakitofautishi maneno kwa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Hǎo ni ya toni ya tatu, inayoshuka chini, na kwa kuwa nǐ, yaani 你 ya salamu 你好, nayo ni ya toni hiyo hiyo, zikifuatana ile ya kwanza hupandishwa, ikatamkwa ní hǎo. Herufi hii pia husomwa hào, kwa toni ya nne, ikimaanisha kupenda jambo, kama katika 爱好, yaani kitu mtu anachopenda kukifanya wakati wa mapumziko.

Mtego mkubwa zaidi kwetu ni kile kiungo “ni”. Tumezoea kusema “chakula ni kizuri”, basi tunakimbilia kuweka 是, yaani “ni” ya Kichina, katikati, wakati Mchina husema 我很好, “mimi sijambo”, akitumia 很 (“sana”) bila 是. Tena sifa hutangulia jina: mtu mwema ni 好人.

Baada ya hapo itafute herufi hiyo pamoja na jamaa zake. 好吃 ni kitamu cha kula, 好喝 ni kitamu cha kunywa, 好听 ni kizuri cha kusikiliza. Nilidhani nimeimaliza, hadi siku niliyoalikwa nyumbani kwa familia moja ya Kichina, mama mwenye nyumba akaita kutoka jikoni: “饭好了!” Nikajibu kwa furaha kwamba naam, ni kitamu sana, nikiwa sijaonja hata punje ya wali. Alikuwa akisema chakula kiko tayari. Ndivyo pia 写好了 inavyomaanisha kwamba kazi ya kuandika imekamilika.

Simu itakurahisishia mambo kupita kiasi: ukiandika “hao” kwa herufi za Kilatini, inakuletea 好, 号 na nyingine, nawe unachagua tu. Wachina wenyewe wana msemo kuhusu hali hiyo, 提笔忘字, kuinua kalamu ukaisahau herufi. Kwa hiyo mimi, kabla sijatuma ujumbe wenye herufi mpya, huiandika kwanza kwa kalamu nyuma ya risiti yoyote iliyo karibu.